Kwa begi mgongoni kutoka Kwihara hadi Ujiji: uzi kuhusu njia ya watumwa na mto Malagarasi

Mleta mada

Ndugu wanajukwaa, salamu. Kila kiangazi kinapokaribia huulizwa humu swali lile lile, kwamba mtu mwenye begi mgongoni na nauli ya wastani akifika Tabora au Kigoma atembelee wapi, na majibu huwa ni Gombe, Mahale na ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Majibu hayo hayana kasoro. Hata hivyo naandika kupendekeza safari ya namna nyingine: kufuata kipande cha magharibi cha njia ya misafara ya pembe na watumwa, kuanzia Kwihara nje kidogo ya mji wa Tabora, kuukuta mto Malagarasi katika nyanda za Nguruka, kushuka nao kupitia Uvinza hadi Ilagala karibu na unakoingia ziwani, kisha kumalizia Ujiji. Hoja yangu ni moja. Anayetembelea makumbusho ya Kwihara na ya Ujiji bila kupita mtoni atarudi nyumbani na habari za Wazungu wawili, yaani mpelelezi Livingstone na mwandishi wa habari Stanley aliyetumwa kumtafuta, ilhali historia ya waliouzwa, walionunuliwa na waliobeba mizigo imelala katikati, mahali pasipo na kibao.

Njia yenyewe ilianzia Bagamoyo, na hadi Ujiji urefu wake ulikuwa takribani kilomita 1,200. Tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya awali ambayo Tanzania imeiwasilisha UNESCO kwa ajili ya urithi wa dunia, ikiwakilishwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Itazameni orodha hiyo kwa makini. Kati ya Kwihara na Ujiji hakuna kituo hata kimoja, kana kwamba misafara iliruka kwa mbawa juu ya miyombo, mbung'o na mabwawa ya Malagarasi.

Tuanze na Kwihara. Ipo kilomita chache kusini-magharibi mwa mji wa Tabora, na bodaboda yoyote inaijua ukitaja tembe la Livingstone. Ni nyumba ya udongo mwekundu yenye paa bapa, mlango wa mbao wenye nakshi za kipwani, na vyumba vilivyouzunguka ua wa ndani, baadhi yake vikiwa na mwanga hafifu kiasi kwamba macho huhitaji muda kabla ya kuona kilichoning'inizwa ukutani. Jengo la leo limefanyiwa matengenezo makubwa baada ya lile la zamani kubomoka, lakini ramani ya nyumba inatosha kuonyesha jinsi tajiri wa Unyanyembe, nchi ya kale ya Wanyamwezi yenye Tabora ndani yake, alivyoishi: ukuta mnene nje, ua uliofungwa ndani, ghala karibu na chumba cha kulala. David Livingstone na Henry Morton Stanley waliingia hapa Februari 1872 wakitokea Ujiji. Stanley akaondoka mwezi uliofuata, naye Livingstone akakaa akisubiri watu na bidhaa kutoka pwani hadi Agosti, alipoanza safari ambayo hakurudi. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia.

Hapo ndipo maelezo ya wageni wengi huishia, na ndipo mimi ningependa yaanzie. Walioubeba mwili wake kurudi pwani, wakiongozwa na watumishi wake Abdullah Susi na James Chuma, walipita Unyanyembe Oktoba 1873. Walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron, Mwingereza aliyekuwa amepelekwa kumtafuta Livingstone, naye akawashauri wauzike mwili hapo hapo. Walikataa. Waliendelea mbele hadi wakaufikisha Bagamoyo Februari 1874. Chuma huyo alikuwa Myao ambaye mwaka 1861, akiwa bado kijana mdogo, alikombolewa kutoka msafara wa watumwa katika nchi ambayo leo ni Malawi. Kwa hiyo katika ardhi ya Kwihara alisimama mtu aliyewahi kuwa bidhaa, akamwambia ofisa wa dola kubwa kwamba ushauri wake hautafuatwa. Kwa maoni yangu hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote yanayohusiana na mahali hapo.

Sasa nirudi kwenye jambo ambalo waongozaji wengi hulichanganya, nalo linastahili nafasi. Si kila aliyebeba mzigo katika njia hii alikuwa mtumwa. Sehemu kubwa ya wapagazi walikuwa Wanyamwezi huru waliokuja kujiandikisha kwa ujira wa nguo na shanga, wakabeba mizigo ya karibu kilo 30 hadi pwani na kurudi, na kwa kijana wa Unyamwezi wa wakati huo safari hiyo ilikuwa njia ya kupata mali na heshima. Walijua thamani yao, na walipoona wanapunjwa waligoma au waliondoka usiku. Lakini wanaume wakiwa safarini kwa miezi mingi, nani alilima nyumbani? Sehemu ya jibu ni watumwa, wengi wao wanawake na watoto waliotekwa katika vita vya jirani au walioletwa kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Wengi hawakuiona pwani kamwe. Waliishia katika mashamba ya Unyanyembe, katika nyumba za Waarabu na za watemi vilevile. Picha ya mnyororo mrefu unaoelekea Zanzibar ni ya kweli, lakini ni nusu ya habari. Nusu ya pili ilibaki Tabora na Ujiji, ikaoa, ikazaa, na ikazika wafu wake hapa.

Kutoka Tabora pandeni treni au basi la Kigoma. Urambo na Kaliua tuwaachie wenye uzi wao. Mto unaanza kujionyesha kuanzia Nguruka, ambako nchi inafunguka kuwa tambarare la mafunjo na maji yaliyotuama. Eneo la Malagarasi na Muyovozi ndilo lililokuwa la kwanza nchini kuingizwa katika mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu, mwaka 2000, nalo lina ukubwa wa hekta zaidi ya milioni 3. Malagarasi ni miongoni mwa mito mirefu nchini, wenye kilomita zipatazo 475. Namba hizi zinasaidia kuelewa kwa nini kuvuka kulikuwa na bei.

Na bei ilikuwapo. Vivuko vilikuwa mikononi mwa watawala wa Uvinza, na msafara uliofika ukingoni ulikaa chini kujadiliana hongo, yaani ushuru wa kupita, ya nguo na shanga kabla ya mtumbwi wowote kusogea. Wapelelezi Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke walilipa walipopita mwanzoni mwa mwaka 1858, wakafika ziwani tarehe 13 Februari. Stanley alilipa mwaka 1871 huku akilalamika kwa kirefu, na juu ya hilo mmoja wa punda wake akakamatwa na mamba wakati wa kuvushwa. Msomaji akimaliza kumhurumia punda, ajiulize waliokuwa wakivushwa upande wa pili, wakielekea mashariki, kwa mitumbwi ile ile.

Mitumbwi ya kuchonga bado ipo katika vijiji vya mtoni, na mtu akielewana na mwenyewe anaweza kuvushwa. Mwenye mtumbwi husimama nyuma na upondo wake. Abiria hukaa chini kabisa magoti yakigusa kifua, begi likiwa katikati ya miguu, na kijana mmoja kazi yake ni kuchota maji yanayoingia na kuyamwaga nje kwa dumu lililokatwa nusu. Ukingo wa mtumbwi hubaki juu ya maji kwa upana wa kiganja. Hakuna anayezungumza sana, na upondo ukigota mchanga wa ng'ambo ndipo bei ya mizigo hukumbukwa. Maelezo ya jengo lolote la makumbusho hayatampa mtu ufahamu huo wa jinsi mto ulivyomtenganisha mtu na kwao.

Uvinza msipite haraka. Ndipo Ruchugi unapokutana na Malagarasi, na ndipo zilipo chemchemi za maji ya chumvi ambazo watafiti wa mambo ya kale wamethibitisha kuwa zimetumika kwa zaidi ya miaka 1,000. Watu wa Buha, Unyamwezi na ng'ambo ya ziwa walikuja kiangazi kuchemsha maji hayo katika vyungu, wakarudi na chumvi ya kuuza. Njia ya biashara ilikuwapo kabla ya biashara ya watu, na misafara ya pembe ilifuata nyayo za wachuuzi wa chumvi. Baada ya Uvinza mto unaingia kwenye miteremko na mawe, maporomoko ya Igamba yakiwa mojawapo, kisha unatulia na kuingia ziwani kusini mwa Kigoma.

Ujiji nitaiandika kwa ufupi kwa kuwa wenyeji wamo humu na watanisaidia. Mnara wa ukumbusho unasema Stanley alimkuta Livingstone tarehe 10 Novemba 1871 chini ya mwembe. Mwembe wenyewe ulikufa zamani, na miwili iliyopo inasemekana kutokana na vipandikizi vyake. Mgeni hushangaa kuona ziwa liko mbali na mnara. Sababu ni kwamba maji yalikuwa juu sana zama hizo, na mwaka 1878 mto Lukuga upande wa Kongo ulifunguka kwa nguvu, maji yakatoka na ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Kuhusu simulizi kwamba miembe yote ya njiani iliota kutokana na kokwa zilizotupwa na watumwa, nalichukulia kama simulizi. Miche ya mwembe inahitaji mtu wa kuitunza, na waliokuwa na makazi ya kudumu ndio waliokuwa na muda huo. Karibuni kwa michango.

Mchangiaji, Ujiji

Mleta mada, nakushukuru, na kwa heshima naomba niongeze jambo ambalo wageni wako watalihitaji kuliko ramani. Ujiji ni mji wa watu walio hai. Wengi wetu tunaitwa Wamanyema kwa sababu wazee wetu walitoka ng'ambo, upande wa Nyangwe na Kasongo huko Kongo, na walikuja kwa njia nyingi: wapo waliokuja kama wachuuzi, wapo askari wa misafara, wapo wake, wapo wapagazi, na ndiyo, wapo walioletwa kwa nguvu. Vizazi viliposonga wote wakawa watu wa mji, waislamu, wenye nyumba na mashamba ya michikichi. Huwajia wazee wetu kibarazani watu wenye daftari wanaouliza moja kwa moja, "Je, ninyi ni uzao wa watumwa?" Kwetu hilo si swali la historia. Ni tusi ambalo lingeweza kuvunja posa.

Isitoshe, mambo haya si ya kale kama yanavyosimuliwa. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, lakini huku bara Wajerumani hawakuufuta utumwa. Walichofanya ni kutangaza kwamba watoto watakaozaliwa kuanzia mwaka 1906 watakuwa huru. Sheria iliyoufuta kabisa Tanganyika ni ya Waingereza, mwaka 1922. Mtu aliyezaliwa utumwani mwaka 1900 angeweza kuuona Uhuru akiwa na miaka 61, akiwa na wajukuu ambao leo ni wazee wetu. Nyamaza kwanza, kaa, kunywa kahawa, na mzee akitaka kusema atasema.

Jambo jingine ni hili. Katika makumbusho yetu zipo sanamu za Livingstone na Stanley wakisalimiana, lakini sababu iliyomrudisha Livingstone Ujiji akiwa amevunjika moyo haipewi uzito unaostahili. Tarehe 15 Julai 1871 aliona kwa macho yake watu wa wafanyabiashara wakifyatua risasi katika soko la Nyangwe, kando ya mto Lualaba, na mamia ya watu, wengi wanawake waliokuja kuuza na kununua, wakauawa kwa risasi au kwa kuzama mtoni. Maandishi yake kuhusu siku hiyo yalisaidia kuisukuma Uingereza imbane Sultani Barghash wa Zanzibar hadi mkataba wa 1873 wa kukomesha biashara ya watumwa. Kwa mtu wa Ujiji, waliozama siku ile ni ndugu.

Mchangiaji, Tabora mjini

Nakubaliana na ndugu wa Ujiji, lakini naona uzi umewaacha kando watawala wetu wenyewe, na hilo si haki kwa upande wowote. Vita vilivyozaa mateka havikupiganwa na Waarabu peke yao. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki Desemba 1884, alijenga dola kwa rugaruga, yaani askari wake wa vita, na bunduki, akaifunga njia ya Ujiji kuanzia mwaka 1871, akapigana na Waarabu wa Tabora. Stanley mwenyewe aliingia vitani upande wa Waarabu, wakashindwa, ndiyo maana alilazimika kuzunguka kusini kuelekea Ujiji. Wapo wanaomsifu Mirambo kama shujaa, na alikuwa mtu wa akili nyingi, lakini mateka wa vita vyake nao walihesabiwa kuwa mali. Mtu anaweza kuheshimu jina lake na bado akalisema hili.

Kuna pia Mtemi Isike wa Unyanyembe, ambaye Januari 1893, ngome yake ilipovunjwa na kikosi cha ofisa Mjerumani Tom von Prince, aliwasha baruti akiwa ndani kuliko kukamatwa akiwa hai. Mgeni anayeziona kuta za boma la Wajerumani hapa mjini apate kujua kilichotangulia. Tahadhari tu kwamba boma hilo ni eneo la jeshi, lisipigwe picha. Na asifikiri kwamba bendera ya Wajerumani ilimaanisha mwisho wa mateso ya njia hii. Katika vita vya kwanza vya dunia maelfu ya watu wa mikoa hii walichukuliwa tena kubeba mizigo, safari hii kwa amri, na Tabora ilipoangukia mikononi mwa Wabelgiji Septemba 1916 wengi walikuwa wamekwisha kufa kwa njaa na kuhara wakiwa chini ya mizigo ya pande zote.

Mchangiaji, Dodoma

Nimesoma yote kwa makini. Nataka kwenda na mwenzangu mmoja, tukiwa na hema dogo. Je, inawezekana kutembea kando ya mto usalama ukiwepo, na ni mwezi gani unaofaa? Halafu tuanzie Kwihara au Ujiji?

Mleta mada

Ndugu yangu wa Dodoma, mwezi unaofaa ni wowote kati ya Juni na Septemba. Mvua za huku huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili, na wakati huo tambarare ya Nguruka hugeuka maji, njia za miguu zikapotea. Kutembea kando ya mto mwanzo hadi mwisho hakuwezekani, na anayekuahidi hivyo hajafika. Sehemu za juu zinapakana na mapori ya hifadhi yanayohitaji kibali, na kuna viboko na mamba kila mahali maji yanapotulia. Kinachowezekana ni kushuka kituo kimoja baada ya kingine, kulala kijijini, na kutembea vipande vifupi mkiwa na mwenyeji. Mkifika kijiji chochote anzeni kwa mwenyekiti au mtendaji, mjieleze, mtoe vitambulisho. Mgeni anayeonekana kichakani na hema bila taarifa huwapa watu wasiwasi, hasa katika mkoa ulio mpakani na uliopokea wakimbizi kwa miaka mingi. Hema lipigwe karibu na nyumba, mbali na ukingo wa mto. Maji ya kunywa yachemsheni. Vaeni mikono mirefu na nguo za rangi iliyofifia kwa sababu ya mbung'o, wanaopenda sana rangi ya buluu na nyeusi, na msisahau chandarua.

Maporomoko ya Igamba yana mradi wa umeme, kwa hiyo ulizeni kwanza Uvinza kabla ya kuelekea huko. Swali la kuanzia wapi namwachia ndugu wa Ujiji.

Mchangiaji, Ujiji

Mimi ningewashauri waanzie huku. Mleta mada ameipanga safari kwa kufuata maji yanakoelekea, na kwa anayetaka mtumbwi ni sahihi. Lakini waliotolewa Manyema walivuka ziwa, wakatua Ujiji, wakapelekwa mashariki dhidi ya mkondo, na reli inafuata mwelekeo huo huo. Tembeeni hapa kwanza, nendeni Ilagala na kurudi kwa gari, kisha pandeni treni ya Tabora mkiwa na tiketi ya kuishia Uvinza. Baada ya hapo vituo vya Malagarasi na Nguruka vinafuatana. Ulizeni ratiba stesheni ya Kigoma mapema, kwa kuwa treni haipo kila siku, na mkiikosa Uvinza mtalazimika kusubiri basi barabarani.